Kusubiri Uchunguzi wa ADHD Ukiwa Mtu Mzima: Mwongozo Kamili kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Mtu mzima anasubiri miezi mingi kuonana na daktari wa afya ya akili. Siku inafika, anakaa kitini, anaulizwa alikuwaje alipokuwa mtoto, naye anajibu kwamba hakumbuki. Anaulizwa ni mambo gani hasa yanamshinda, anajibu kwamba anasahau sana. Dakika zinakwisha, anapewa tarehe nyingine na kusubiri kunaanza upya. Nimeliona jambo hili kwa mdogo wangu mwenyewe, na tangu hapo nimelisikia kwa watu wengi walionijia kuuliza wafanye nini. Nimeuandika mwongozo huu ili atakayeingia chumbani kwa daktari baada ya wewe kusoma, awe wewe au ndugu yako, asiingie mikono mitupu.

ADHD ni hali ya upungufu wa umakini na utulivu inayoanza utotoni, na kwa wengi huendelea ukubwani. Inakadiriwa kuwapata watu wazima 2 hadi 3 katika kila 100. Kipimo cha damu hakiioneshi, wala picha ya kichwa. Daktari huitambua kwa kusikiliza historia ya maisha, na kwa sababu hiyo ubora wa historia unayompelekea huamua sana matokeo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta daftari moja dogo linaloingia mfukoni, bahasha ngumu au faili la plastiki, kitambulisho chako, kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar kama unayo, na simu inayopiga picha zinazosomeka. Zaidi ya vitu hivyo unahitaji watu wawili. Wa kwanza ni aliyekujua kabla hujafika miaka 12, na wa pili ni anayeishi au kufanya kazi nawe sasa. Mwongozo huu ni mgumu kuufuata peke yako, kwa sababu unadai mpangilio, na mpangilio ndio hasa unaokushinda. Mmoja wa watu hao awe msimamizi wako tangu leo.

## Hatua ya 1: Hakikisha jina lako limeingia kwenye foleni

Wengi huamini kwamba wanasubiri, kumbe hawamo kwenye orodha yoyote. Mdogo wangu aliandikiwa barua ya rufaa na daktari wa kituo cha karibu, akaikunja akaitia mfuko wa shati. Wiki mbili baadaye niliitoa kwenye beseni la kufulia ikiwa donge jeupe, wino umetawanyika, hakuna linalosomeka isipokuwa nusu ya muhuri. Yeye alikuwa anahesabu kwamba foleni yake imekwisha kusogea wiki mbili.

Piga picha barua ya rufaa hapo hapo ulipopewa, kabla hujatoka mlangoni, na umtumie msimamizi wako. Ipeleke kliniki siku hiyo au kesho yake. Usitafute mlango ulioandikwa ADHD, kwa kuwa mtu mzima huanzia kliniki ya kawaida ya afya ya akili katika hospitali. Kwa upande wa Unguja huenda ukaelekezwa Kidongo Chekundu, ambako ndiko iliko hospitali ya magonjwa ya akili. Wapo wanaoogopa kuonekana wakiingia pale. Nawaelewa, lakini nimeona pia gharama ya kuogopa: mtu alipoteza kazi ya pili na ya tatu kwa sababu ya kulikwepa lango ambalo angelipita kwa dakika moja.

Ukifika, muombe muuguzi aandike jina lako kwenye daftari la miadi mbele yako, na uulize mambo matatu: tarehe ni lini, ukiikosa unafanya nini, na kama mtu mwingine akijitoa unaweza kuitwa mapema. Acha namba mbili za simu, yako na ya msimamizi. Mtu mwenye hali hii hupoteza simu, hubadilisha laini na huacha ujumbe bila kuufungua, na simu moja tu ya kliniki ikikosa kupokelewa inaweza kukurudisha mwisho wa foleni.

Utajua umefanikiwa utakapokuwa na kadi yenye tarehe iliyoandikwa kwa kalamu, na picha ya kadi hiyo ikiwa katika simu mbili. Kauli ya "tutakupigia" haitoshi. Rudi baada ya siku saba ukaulize tena kwa heshima.

## Hatua ya 2: Jipime kama unaweza kusubiri

Yapo mambo yasiyongoja tarehe. Ukianza kufikiria kufa au kujidhuru, ukikaa siku kadhaa bila kulala huku ukijiona una nguvu zisizo za kawaida, ukisikia sauti wasizozisikia wenzako, au ukiwa umezama katika unga au pombe kiasi cha kushindwa kujizuia, usisubiri tarehe yako ya kliniki. Nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, ufuatane na mtu, na useme wazi kilichokupeleka.

Nalisema hili mapema kwa sababu kusubiri kwenyewe huumiza. Mtu aliyeambiwa tangu utoto kwamba ni mvivu, mzembe, hana maana, anapata tumaini siku anaposikia kwamba huenda hali yake ina jina. Miezi ikipita bila jibu, tumaini lile hugeuka na kuwa ushahidi mwingine dhidi yake. Anasema moyoni kwamba hata hili nimeshindwa. Msimamizi wako akuulize swali moja kila Ijumaa: wiki hii umewahi kutamani usiwepo? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, na mara nyingi humpa mlango wa kusema.

## Hatua ya 3: Ondoa yanayofanana na ADHD

Kazi hii inaweza kufanyika huku foleni inasogea, na ndiyo inayookoa muda mwingi zaidi, kwa sababu daktari bingwa asipoyakuta majibu haya atakurudisha ukayatafute.

Omba katika kituo chako upimwe wingi wa damu, sukari na shinikizo la damu, na uulize kama kipimo cha tezi ya shingo kinapatikana. Upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi sawasawa huleta uchovu, usahaulifu na akili kuwa nzito. Shinikizo la damu lina sababu ya ziada: baadhi ya dawa za ADHD hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo, hivyo daktari atataka kulijua kabla ya kuandika chochote.

Kisha tazama usingizi. Muulize unayelala naye chumba kimoja kama unakoroma kwa nguvu na kukatika pumzi, kwani mtu wa namna hiyo huamka kama hakulala, na mchana akili yake haishiki kitu. Sonona na wasiwasi uliopitiliza navyo huiba umakini. Tofauti kubwa iko kwenye wakati: sonona kwa kawaida ina mwanzo unaoweza kuutaja, baada ya msiba, talaka au kufukuzwa kazi, ilhali ADHD haina mwaka ilioanza ukubwani. Watu wengine wana vyote viwili, na kusubiri kwa muda mrefu bila msaada huongeza uwezekano huo.

Ikiwa unatumia bangi, mirungi au vidonge vyovyote, viandike. Daktari akivijua baadaye atalazimika kuanza upya.

Onyo. Usichukue kidonge cha mtu mwingine ili "kujaribu". Methilifenideti, dawa inayotumika sana kutibu ADHD, na jamaa zake zinadhibitiwa kisheria, na kwa mwenye matatizo ya moyo au mwenye historia ya kupanda na kushuka kwa hisia kupita kiasi zinaweza kuleta hatari. Zaidi ya hayo, kujihisi umechangamka baada ya kumeza hakuthibitishi chochote, kwa kuwa dawa hizo huwachangamsha hata wasio na hali hii.

Wengi wetu tumepelekwa kusomewa au tumenyweshwa kombe kwa ajili ya mambo haya, na sioni ubaya wa dua popote ilipo. Neno langu ni moja: dua isikufanye uiache tarehe ya kliniki, na usimfiche daktari ulikopitia, hasa kama ulipewa mizizi au dawa ya kunywa.

## Hatua ya 4: Uutafute utoto wako

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi.

Kwa vigezo vinavyotumika sana duniani, dalili kadhaa lazima ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na zilionekana katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na skuli. Mtu mzima huhitaji kuwa na dalili zisizopungua 5 kati ya 9 za upungufu wa umakini, au 5 kati ya 9 za kutotulia na kufanya mambo bila kufikiri, kwa muda usiopungua miezi 6. Kumbukumbu yako peke yake haitoshi kuthibitisha utoto, kwa sababu mtoto hajioni.

Anza na karatasi. Ripoti za skuli ya msingi, hata moja, zina thamani kubwa. Ziulize kwa mama, kwa shangazi, kwa kaka aliyehamia Unguja na kubeba sanduku la vyeti. Kwetu ripoti ilipatikana kwenye kopo la biskuti, chini ya vyeti vya kuzaliwa na risiti za karafuu, imeliwa na mende pembeni. Darasa la nne. Mwalimu aliandika kwa wino wa bluu: "Ana uwezo ila hamalizi kazi na hatulii kitini." Maneno yale yalikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na daktari aliyasoma mara mbili.

Zikikosekana karatasi, nenda kwa watu. Mwalimu wa chuo cha Kurani ni shahidi mzuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa alikuona kila siku kwa miaka, katika mazingira tofauti na nyumbani. Ustadhi wa mdogo wangu alikumbuka kwamba alizishika sura fupi kwa kusikia tu, haraka kuliko wenzake, lakini alipotakiwa kukaa na msahafu kusoma ukurasa mmoja kimya, macho yalikuwa dirishani na miguu haikomi. Ushahidi huo una pande zote mbili, uwezo na kushindwa, na daktari huuhitaji wote.

Namna ya kuuliza ina umuhimu. Ukimuuliza mama, "Je, nilikuwa na matatizo?", atakutetea: mwanangu hakuwa na ila. Ukimsomea orodha ya dalili, atazikubali zote ili akusaidie. Muulize matukio. Nilikuwa nikitumwa dukani narudi na nini? Nilipoteza viatu mara ngapi? Nilivunjika wapi, na nilikuwa nikifanya nini? Jirani gani alikuwa akilalamika? Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, usiyapambe.

Kwa wanawake ongeza uangalifu. Msichana mwenye hali hii mara nyingi harukiruki. Anakaa kimya, anatazama mbali, wali unaungua mbele ya macho yake, na ripoti yake inasema "mtulivu na mwenye adabu". Familia hukumbuka kwamba alikuwa mzuri tu. Muulize mama kuhusu vyungu vilivyoungua, ndoo zilizosahauliwa bombani na maneno aliyokuwa akimwambia kila siku. Neno "purukushani" likirudiwa katika kila hadithi, liandike.

Utajua umefanikiwa utakapokuwa na matukio matano au sita ya kabla ya miaka 12, kutoka kwa watu wasiopungua wawili, kila moja likiwa na mahali na umri wa kukadiria. Ukikuta kwamba utoto wako ulikuwa wa utulivu kweli kweli na shida zimeanza ukiwa na miaka thelathini, hilo nalo ni jibu la maana. Mpelekee daktari vivyo hivyo.

## Hatua ya 5: Andika daftari la wiki nne

Kila usiku andika mistari mitatu tu: nini kilikwama, kilikugharimu nini, na ulilala saa ngapi. Mistari mitatu inatosha, kwani daftari kubwa utaliacha siku ya nne. Ukurasa mmoja wa mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme, ulisomeka hivi: "Jumanne. Nimekwenda mjini kununua fyuzi, nimerudi na sabuni na kamba. Mteja amesubiri mpaka Alasiri, amemwita fundi mwingine. Hasara elfu thelathini. Nimelala saa nane usiku." Linganisha na sentensi "nasahau sana", uone ipi daktari anaweza kuifanyia kazi.

Usiyaandike haya katika mwezi wa Ramadhani peke yake, kwa sababu usingizi, chakula na kahawa hubadilika kwa kila mtu, na utakachokiona hakitakuwa hali yako ya kawaida.

Mwishoni mwa wiki ya nne jaza dodoso la Shirika la Afya Duniani la kujipima ADHD kwa watu wazima, lenye maswali 18. Maswali 6 ya mwanzo ndiyo ya kuchuja, na majibu 4 au zaidi yakiangukia sehemu yenye kivuli, maana yake ni kwamba unastahili uchunguzi zaidi. Halisemi kwamba unayo. Anayeishi nawe naye ajaze nakala yake kukuhusu, bila ya kuiona yako.

## Hatua ya 6: Zuia hasara wakati unasubiri

Foleni ndefu haikuachi ulipo. Inakula kazi, inakula akiba, inakula ndoa, na mtu akija kupata dawa mwaka unaofuata anakuta hana tena cha kukiokoa. Kwa hiyo fanya kana kwamba hali unayo, kwa sababu hatua hizi hazimdhuru asiyekuwa nayo.

Funga kazi zako kwenye adhana. Saa ya simu huzimwa kwa kidole, lakini adhana inasikika mtaa mzima mara tano kwa siku, na mwili umeshaizoea. Baada ya Alfajiri tazama daftari la leo, baada ya Adhuhuri jibu wateja, baada ya Isha weka ufunguo, pochi na kitambulisho kwenye bakuli moja mlangoni. Jambo moja kwa kila sala, lisizidi.

Pesa isikae kwako yote. Siku ya mshahara au ya kuuza karafuu, kabla hujapita sokoni, nunua umeme wa Tukuza, lipa deni la dukani na umkabidhi msimamizi ya chakula. Maamuzi ya ghafla hufanyika pesa ikiwa mkononi, na hali hii ina maamuzi ya ghafla mengi.

Kazini huna lazima ya kutaja jina la hali ambayo bado hujathibitishiwa. Omba unachokihitaji: "Naomba maagizo uniandikie, yasiwe ya mdomo peke yake." Waajiri wengi hukubali ombi dogo lililo wazi upesi kuliko maelezo marefu.

Kwa mwenza wako sema zaidi. Mke anayeona mume hasikilizi, au mume anayeona ahadi hazitimizwi, kwa kawaida huhesabu kuwa ni dharau. Msomee kurasa mbili za daftari lako. Ugomvi hautakwisha kwa hilo, lakini utahama kutoka kwenye "hunijali" kwenda kwenye jambo lenyewe.

Na ukiendesha bodaboda au gari, punguza. Ajali ni nyingi zaidi kwa watu wenye ADHD isiyotibiwa. Simu iingie mkobani kabla ya kuwasha injini, na usibebe abiria ukiwa hukulala.

## Hatua ya 7: Ukurasa mmoja, na safari

Siku saba kabla ya tarehe, andika ukurasa mmoja kwa herufi kubwa: mambo matatu yanayokushinda zaidi, matukio ya utotoni, majibu ya vipimo, dawa unazotumia, na ndugu wa damu wenye hali kama hii, kwa sababu ADHD hurithiwa sana. Mengine yote yabaki kwenye faili, yatolewe yakiulizwa.

Anayetoka Pemba kwenda Unguja avuke siku moja kabla. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na boti ikichelewa au ikiahirishwa, miezi ya kusubiri inapotea kwa asubuhi moja. Msimamizi ndiye ashike tiketi na faili. Ikiwezekana aliyekujua utotoni afuatane nawe, na kama ni mzee asiyeweza kusafiri, awe karibu na simu saa ya miadi.

## Hatua ya 8: Chumbani, na baada ya hapo

Toa ukurasa wako mwanzoni, useme: "Daktari, nimeyaandika kwa sababu nikisema nitayasahau." Jibu unachoulizwa kwa matukio. Usizidishe ili uaminiwe, wala usijikaze ili uonekane mzima. Watu wa kwetu tumelelewa kujibu "sijambo" kabla ya kuulizwa, na adabu hiyo imewarudisha wengi nyumbani bila msaada.

Kabla hujanyanyuka uliza: umeona nini, kinachofuata ni nini, na nani wa kumpigia kukitokea tatizo. Msimamizi aandike majibu. Ukiambiwa ni ADHD, uliza kuhusu dawa iliyopo visiwani, jinsi ya kuipata bila kukatika, na saa za kuimeza Ramadhani ikifika. Ukiambiwa ni sonona au ni usingizi, basi tiba ya hilo ianze, na ukipona huenda umakini ukarudi.

Ukiambiwa urudi tena, usitoke na tarehe tupu. Uliza kilichopungua kwenye faili ni kipi hasa, kiandike juu ya bahasha kwa kalamu nene, na kesho yake asubuhi anza kukitafuta.